Mlinzi Asiyelala: Somo juu ya Homoni, Vishipa Vidogo na Shinikizo la Damu



Katika sharika zetu za upande wa Maganzo na Mwadui, hata kuelekea machimbo ya dhahabu ya Geita, twasikia mara kwa mara neno hili: presha. Mmoja asema, "Nina presha ya kupanda." Mwingine asema, "Yangu imekwisha, nimeacha vidonge." Tena twawaona watu wenye nguvu zao wakianguka ghafula, mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, ulimi umekuwa mzito, na kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali, majirani wamekwisha kuanza kuulizana ni nani aliyemfanyia jambo hilo.

Kwa hiyo mwezi huu yafaa tujifunze pamoja jinsi ugonjwa huu utendavyo kazi ndani ya mwili. Maana mtu asiyejua njia ya ugonjwa hawezi kufahamu kwa nini tabibu amwagiza ameze dawa kila siku, hali yeye mwenyewe hasikii maumivu yo yote. Mambo mengine katika somo hili ni magumu kidogo. Msomaji asome polepole, na akifika mwisho ajaribu kuyajibu maswali.

1. SHINIKIZO LA DAMU NI NINI

Moyo wa mtu mzima anayepumzika hutoa kadiri ya lita 5 za damu kila dakika, yaani karibu damu yote iliyomo mwilini mwake. Damu hiyo hupita katika ateri, ndiyo mishipa itokayo moyoni, nayo huzisukuma kuta za mishipa hiyo. Nguvu ya msukumo huo ndiyo iitwayo shinikizo la damu. Shinikizo si ugonjwa. Bila shinikizo damu isingepanda kichwani wala kufika vidoleni.

Mtu wa kwanza kutangaza kipimo chake alikuwa mchungaji wa kanisa katika Uingereza, jina lake Stephen Hales. Mwaka 1733 alieleza jinsi alivyotia bomba katika ateri ya farasi jike, akaliunga na kioo kirefu kilichosimama wima, na damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8. Kwa binadamu njia hiyo isingefaa. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kujazwa hewa unaofungwa mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya damu chini ya mkanda huo. Hata leo zahanati zetu zatumia mkanda wa namna hiyo.

Kipimo huandikwa kwa hesabu mbili. Ya juu ni msukumo wakati moyo unapojikaza. Ya chini ni msukumo wakati moyo unapolegea. Kwa mtu mzima 120 kwa 80 ni kipimo chema. Kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, hata kama ni hesabu moja tu iliyopita mpaka wake, tena kikionekana hivyo kwa siku zaidi ya moja, mtu huyo huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu.

Basi, ni nini kinachopandisha hesabu hizo? Mambo ni mawili: wingi wa damu inayosukumwa, na wembamba wa njia inayopita. Somo letu lahusu hasa hilo la pili, ingawa tutaona kuwa yote mawili yanatawaliwa na wajumbe wale wale.

2. VISHIPA VIDOGO

Ateri kubwa hugawanyika kama shina la mti ligawanyikavyo kuwa matawi, na matawi kuwa vitawi, hata vingine vikawa vyembamba kuliko unywele. Vitawi hivi vya mwisho wataalamu waviita arterioli. Sisi tutaviita vishipa vidogo. Ukuta wa kila kimoja umezungukwa na misuli. Misuli hiyo ikijikaza, njia yakuwa nyembamba. Ikilegea, njia yapanuka. Mtu hawezi kuiamuru kwa mapenzi yake kama anavyouamuru mkono.

Mkulima wa mpunga hapa kwetu aijua kazi hii kwa mfano. Katika majaruba yake hufungua tuta hapa na kuziba pale, ili kila jaruba lipate maji kwa kadiri yake. Hivyo ndivyo mwili ufanyavyo. Baada ya kula, vishipa vya tumboni hufunguka. Mtu akitembea, vya miguuni hufunguka. Baridi ikija, vya ngozi hufungwa. Lakini mkulima ajua tena jambo la pili: akiziba matuta mengi kwa wakati mmoja, na maji yakizidi kuja, mfereji mkubwa hujaa na kingo zake huanza kubomoka. Mwilini mfereji mkubwa ni ateri, na kingo zinazobomoka ni za ubongo, moyo, macho na figo.

Wala si lazima tuta lizibwe kabisa. Katika karne ya 19 Mfaransa Jean Poiseuille alipima jinsi maji yapitavyo katika mabomba membamba sana. Hesabu yake yatufundisha neno la ajabu: bomba likipungua upana likawa nusu, ugumu wa kupita hauongezeki mara 2, bali mara 16. Na upana ukipungua sehemu moja tu katika kumi, ugumu huongezeka karibu kwa nusu nzima. Ndiyo sababu badiliko dogo katika vishipa, ambalo jicho lisingeweza kuliona, laweza kupandisha shinikizo la mwili wote.

3. HOMONI NI WAJUMBE

Ni nani, basi, anayeviamuru vishipa? Amri nyingine huletwa na mishipa ya fahamu, nyingine huletwa na homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi au kiungo fulani, kikamiminwa katika damu, kikasafiri mwilini mwote kama mjumbe achukuaye barua. Barua hiyo haisomwi na wote. Husomwa na viungo vile tu vyenye mahali pa kuipokea, kama kufuli lipokeavyo ufunguo wake.

Mjumbe aliyejulikana mapema ni adrenalini, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Miaka ya 1894 na 1895 Waingereza George Oliver na Edward Schäfer walionyesha kuwa maji yaliyokamuliwa katika tezi hizo hukaza vishipa vidogo na kupandisha shinikizo upesi sana. Tumfikirie mchimbaji aliye ndani ya shimo, akasikia mti unaozuia ukuta ukilia. Kabla hajafikiri, moyo wake umekwisha kupiga mbio. Adrenalini na ndugu yake noradrenalini zimefika. Vishipa vya ngozi na vya tumbo vimejikaza, na damu imepelekwa kwenye misuli ya miguu ili akimbie. Hatari ikipita, wajumbe hawa huondoka kwa muda mfupi, na shinikizo hushuka.

Kwa hiyo hasira au hofu ya saa moja hupandisha shinikizo la saa hiyo. Lakini shinikizo linalokaa juu miaka na miaka lina mjumbe mwingine mwenye nguvu, mwendo wake ni wa polepole, naye hutoka katika figo.

4. MLINZI WA FIGO

Mwaka 1898, katika mji wa Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walichukua figo za sungura, wakazisaga, wakayatia maji yake katika mishipa ya sungura wengine. Shinikizo likapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Watu wengi hawakukijali kwa muda mrefu, hata mwaka 1934, ambapo Harry Goldblatt katika mji wa Cleveland, Marekani, aliibana kidogo ateri iendayo katika figo ya mbwa. Figo ilipopata damu kidogo, shinikizo la mbwa huyo likapanda, nalo likabaki juu. Hapo ikafahamika kuwa figo hupeleka habari fulani mwilini.

Mwaka 1939 na 1940 makundi mawili ya wataalamu, moja katika Buenos Aires na jingine katika Indianapolis, yalivumbua mambo yafuatayo kila moja peke yake. Renini yenyewe haikazi vishipa. Ini hutengeneza aina ya protini ambayo huzunguka katika damu bila kufanya neno. Renini huikata protini hiyo, na kipande kinachopatikana ndicho angiotensini. Baadaye ilijulikana kuwa kipande hicho cha kwanza bado ni kinyonge. Kikipita hasa katika mapafu hukatwa tena na kimeng'enya kingine, ndipo kinapokuwa angiotensini ya pili, mojawapo ya vitu vyenye nguvu sana katika kukaza vishipa vidogo.

Figo hutoa renini kwa sababu tatu: shinikizo linaposhuka katika vishipa vyake, chumvi inapopungua katika maji yanayochujwa ndani yake, na mishipa ya fahamu inapoiamuru. Angiotensini ya pili ikiisha kupatikana hufanya kazi nne. Kwanza, hukaza vishipa vidogo. Pili, huziamuru zile tezi za juu ya figo kutoa homoni nyingine iitwayo aldosteroni, ambayo huiambia figo isitupe chumvi; na chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Tatu, huamsha kiu. Nne, huuamuru ubongo kutoa homoni ya kuzuia mkojo, ili maji yasipotee bure.

Tazameni jinsi mpango huu ulivyo mwema. Mtu akihara sana, au mama akitokwa na damu wakati wa kuzaa, au mchimbaji akitoka jasho kutwa nzima katika joto la shimo, damu yake hupungua. Mlinzi huyu huamka mara moja. Huibana njia ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo, na tena hutunza kila chembe ya chumvi na kila tone la maji. Wengi walio hai leo wasingekuwa hai kama isingekuwa kazi yake.

5. ULINZI UGEUKAPO KUWA MZIGO

Sasa twafika katika kiini cha somo. Ikiwa mlinzi huyu ni mwema, kwa nini analeta maradhi?

Tukumbuke jinsi chumvi ilivyokuwa adimu zamani. Wazee wa Kisukuma walikwenda kwa miguu safari ya siku nyingi, wakipita nyika yenye kiu na wanyama wakali, hata ziwa Eyasi, wakachukue chumvi. Aliyerudi na mzigo wake aliheshimiwa. Mwili wa binadamu uliishi katika hali hiyo ya uhaba vizazi vingi, nao ukawa hodari wa kutunza chumvi kuliko kuitupa. Mpaka leo Wayanomamo, wakaao katika misitu ya Brazili na Venezuela, hujulikana kwa desturi yao ya kutotia chumvi katika chakula. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1975 ulionyesha kuwa renini na aldosteroni zao ziko juu, kwa maana mlinzi anafanya kazi ya kutunza kidogo kilichopo. Lakini shinikizo lao ni la chini, wala halipandi kadiri wanavyozeeka.

Hata kandokando ya Ziwa letu mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1929 tabibu Mwingereza C. P. Donnison alitangaza vipimo vya watu 1000 wa Kavirondo ya Kusini katika Kenya. Aliona kuwa shinikizo lao halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa Wazungu; baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Lakini wengine walipochunguza tena watu wa upande huo, habari zilikuwa nyingine. Uchunguzi wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, uliotangazwa mwaka 1990, ulionyesha kuwa katika muda wa mwezi mmoja tu shinikizo la waliohama lilikuwa limezidi la wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi kwa kulinganisha na potasiamu, ile madini ipatikanayo katika mboga, matunda na mizizi. Watu walikuwa wale wale na ukoo wao ule ule; chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

Je, si hivyo ilivyo Maganzo? Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa na John Williamson mwaka 1940, na tangu hapo watu wametoka pande zote kuja kutafuta riziki. Mtu aliyezoea ugali, mlenda na michembe nyumbani kwao sasa hula barabarani chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, nyama ya kuchoma, supu ya asubuhi na karanga za chumvi. Chumvi iliyokuwa safari ya siku nyingi sasa yauzwa katika kila duka kwa bei ndogo.

Chumvi ikizidi, na figo isipoweza kuitupa yote, maji huongezeka katika damu. Kwa watu wengi mlinzi hutambua jambo hilo na kunyamaza, renini hushuka. Lakini vishipa vidogo havirudi katika upana wake, na sababu ni hizi. Misuli ya ukuta wao, ikisukumwa kwa nguvu siku baada ya siku, hunenepa kama mkono wa mtwangaji. Na ukuta ukinenepa kwa ndani, njia hubaki nyembamba hata pasipo amri ya homoni. Tena utando wa ndani wa mshipa hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli hiyo. Wavumbuzi wa kazi yake walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Shinikizo la muda mrefu, kisukari na moshi wa tumbaku huuharibu utando huo, na kitulizo hiki hupungua. Mwisho, vishipa vya figo zenyewe huumia. Sehemu za figo zilizoumia hupata damu kidogo, nazo hulia njaa hali mwili mzima umeshiba. Hutoa renini tena, kama figo ya yule mbwa wa Goldblatt, na shinikizo huzidi kupanda. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe.

Kwa wagonjwa wachache sababu ni moja iliyo wazi. Mwaka 1955 Jerome Conn wa Michigan alieleza habari za wagonjwa ambao tezi yao ya juu ya figo ina uvimbe utoao aldosteroni bila kuamriwa. Kwa baadhi yao uvimbe ukiondolewa shinikizo hushuka. Kwa hiyo kijana mwenye shinikizo la juu sana, au mgonjwa ambaye dawa nyingi hazimsaidii, apelekwe hospitali kubwa achunguzwe.

Na katika mambo haya yote mtu hasikii kitu. Hapa ndipo penye hatari. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala katika Dar es Salaam na Shari katika wilaya ya Hai, ulionyesha kuwa watu wazima karibu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu, mjini na kijijini. Katika hao, waliojua hali yao hawakufika 1 katika 5. Na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limetulizwa vema hawakufika 1 katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa Tanzania nzima ulionyesha kuwa karibu mtu 1 katika 4 wa umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu. Msomaji na afikiri ni wangapi hao katika usharika wake siku ya Jumapili.

6. DAWA ZAFANYA NINI

Aliyefahamu njia ya homoni aweza sasa kufahamu njia ya dawa, kwa kuwa kila dawa hukata njia hiyo mahali fulani.

Ziko dawa zinazozuia angiotensini isikamilike. Asili yake ni sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka. Mwaka 1965 Sergio Ferreira alionyesha kitu katika sumu hiyo ambacho baadaye kiliwaongoza wataalamu kutengeneza kaptoprili, dawa iliyokubaliwa Marekani mwaka 1981. Nyingine, kama losartani, huiacha angiotensini ikamilike lakini huziba kufuli lake. Dawa za kukojosha huitoa chumvi ambayo figo ilikuwa ikiitunza. Spironolaktoni huzuia kazi ya aldosteroni. Na amlodipini huenda kwenye misuli ya vishipa vyenyewe, ikaizuia kalisiamu isiingie, na misuli hulegea.

Kwa kuwa wagonjwa wengi weusi wana renini kidogo, mara nyingi dawa inayomzuia mlinzi peke yake haitoshi kwao. Jambo hili lilichunguzwa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na majibu yakatangazwa mwaka 2019: waliopewa amlodipini pamoja na dawa ya pili walishuka shinikizo zaidi kuliko waliopewa dawa mbili zisizo amlodipini ndani yake. Basi mgonjwa akipewa vidonge viwili asidhani kuwa yu karibu kufa. Kila kimoja kina mahali pake pa kufanya kazi.

Dawa hizi zina usumbufu wake, na wengi huacha kwa siri kwa sababu hiyo. Kaptoprili na jamii yake huweza kuleta kikohozi kikavu. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Mgonjwa amwambie tabibu, naye atabadilisha. Lakini midomo au ulimi ukivimba, asingoje. Aende hospitali saa ile ile. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitazamia, asitumie kaptoprili, losartani wala jamii zake, maana zamdhuru mtoto. Amwambie tabibu apewe dawa nyingine.

Tena ziko dawa zipandishazo shinikizo. Diklofenaki na jamaa zake, ambazo wachimbaji wengi hununua kwa maumivu ya mgongo, huifanya figo itunze chumvi. Vidonge vya jamii ya kotisoni, ambavyo wengine humeza wapate kunenepa, ni homoni zenyewe, navyo hufanya vivyo hivyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huliamuru ini kuongeza ile protini inayokatwa na renini. Kwa hiyo anayevitumia apimwe.

7. YATUPASAYO

Kwanza, na tupimwe. Kila mtu mzima apimwe walau mara moja kwa mwaka, na aliyekwisha kuonekana na shinikizo apimwe kama alivyoagizwa. Kabla ya kupimwa akae kitako kimya dakika 5. Asiwe amevuta tumbaku wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Mkono uwekwe usawa wa moyo. Wanaume hasa huona haya kwenda zahanati wakiwa wazima. Wazee wa kanisa wakitangulia, wengine watafuata.

Pili, tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Chumvi isiwekwe mezani. Magadi nayo yana sodiamu, kwa hiyo maharage yalowekwe usiku kucha yapate kulainika bila hayo. Tusivisahau vyakula vya kwetu: viazi vitamu, michembe, kunde, mchicha na mlenda vina potasiamu, ambayo huisaidia figo kuitoa chumvi. Lakini mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Pombe ipunguzwe, tumbaku iachwe, na mwili ulionenepa kupita kiasi upunguzwe kwa kutembea na kula kwa kadiri.

Tatu, dawa isikatishwe. Mgonjwa asema, "Nimepimwa, ni 125 kwa 80, nimepona." Twamjibu kwa upole: kipimo ni chema kwa kuwa dawa inafanya kazi. Figo haikuacha kutoa wajumbe wake, wala ukuta wa vishipa haukuwa mwembamba kwa juma moja. Homoni hazina sikukuu, na aziachiaye nafasi atarudi alikotoka bila kusikia lo lote.

Nne, sisi tulio na kazi ya kuombea wagonjwa tuwe waangalifu sana na maneno yetu. Tuombe pamoja nao kwa imani, lakini asiwepo katikati yetu amwambiaye mgonjwa kuwa kumeza vidonge ni kukosa imani. Neno hilo limewalaza watu wengi kitandani. Tena tukimkuta mtu ambaye uso wake umepinda, au mkono hauinuki, au maneno yake hayaeleweki, tusiruhusu saa zipotee katika kumtafuta mchawi. Hicho ni kiharusi. Apelekwe hospitali mara moja. Na mama mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, aonaye giza machoni, avimbaye uso na mikono, apelekwe vivyo hivyo, kwa maana huenda kifafa cha mimba kiko mlangoni.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Mambo mawili gani hupandisha shinikizo la damu?
2. Kwa nini badiliko dogo katika upana wa kishipa huleta badiliko kubwa la shinikizo?
3. Eleza kwa utaratibu njia ya renini tangu figo hata angiotensini ya pili. Taja kazi zake nne.
4. Mlinzi huyu humsaidiaje mtu aliyepungukiwa na maji au damu?
5. Wajaluo waliohamia Nairobi watufundisha nini sisi tukaao machimboni?
6. Mtu wa usharika wako akikuambia ameacha dawa kwa kuwa hasikii maumivu, utamjibu nini?

Swali hili la mwisho walijibu wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa na mwenziwe mwinjilisti, kisha wabadilishane. Na atakayekuwa amejifunza kulijibu vema, na aende kwa jirani yake juma hili hili, kabla kidonge cha kesho hakijasahauliwa.